Pango chini ya Bahari ya Utulivu: rada iliona nini, na wapi iliishia

Katikati ya Julai 2024 habari ilizagaa kwamba wanasayansi wamepata pango Mwezini, na kwamba wanaanga wa kesho watakwenda kukaa humo. Nusu ya kwanza ya habari hiyo ina msingi imara kuliko wengi walivyodhani. Nusu ya pili ilirukiwa mapema mno. Kisa chenyewe kina mvuto wa pekee, kwa sababu hakuna chombo kipya kilichorushwa wala mtu aliyetua. Kilichotumika ni data ya rada ya mwaka 2010, iliyokuwa imekaa kwenye hifadhi kwa takriban miaka kumi na minne, wazi kwa yeyote mwenye nia ya kuifungua.

Swali nililo nalo katika uchambuzi huu ni moja: mwangwi wa redio unaweza kubeba uzito wa madai kiasi gani?

Shimo lenyewe

Shimo liko kwenye Bahari ya Utulivu, Mare Tranquillitatis, uwanda uleule wa lava iliyoganda ambako Apollo 11 ilitua mwaka 1969. Kutoka alipokanyaga Neil Armstrong hadi kwenye mdomo wa shimo ni kama kilomita 400, na wakati ule hakuna aliyejua kwamba lipo.

Waliofungua ukurasa huu ni Wajapani. Chombo chao Kaguya kiliondoka Duniani Septemba 2007, na mwaka 2009 Junichi Haruyama na wenzake wakatangaza tundu la ajabu katika vilima vya Marius, upande wa magharibi wa uso wa Mwezi tunaouona. Baada yake likaja hili la Bahari ya Utulivu, na jingine la Mare Ingenii, upande wa pili usioonekana kutoka Duniani. Kisha LRO, chombo cha NASA kilichorushwa Juni 2009, kikaanza kupita juu yake na kamera inayoweza kutofautisha vitu vya ukubwa wa karibu nusu mita. Leo orodha ya mashimo ya namna hii imevuka 200, ingawa mengi yako ndani ya kreta, mahali ambapo mwamba uliyeyushwa na kishindo cha kimondo. Yale yaliyo kwenye nyanda za lava ni machache, na ndiyo yanayosisimua.

Inajulikanaje kwamba halikuchimbwa na kimondo? Kimondo kikigonga huacha ukingo ulioinuka na vifusi vilivyotapakaa pande zote. Hapa hakuna. Ardhi inaanza kuteremka taratibu kuelekea katikati, halafu ghafla ukuta unakwenda chini wima. Upana ni kama mita 100 na kina chake kimepita mita 100. Kwenye kuta, picha zinaonyesha matabaka ya basalti, yaani mimwago ya lava iliyolala moja juu ya nyingine, kila mmoja una unene wa mita chache chache.

Waendeshaji wa LRO hawakuridhika na picha za wima. Walikiinamisha chombo wakapiga kwa mshazari, na hapo ikaonekana kwamba sakafu inaendelea chini ya mdomo kwa angalau mita 20. Baada ya hapo giza. Mita 20 zinaweza kuwa kishubaka kilichomomonyoka ukutani, na zinaweza kuwa sebule ya handaki. Kamera haikuwa na la kuongeza, na mjadala ukakwama hapo kwa miaka.

Kwa nini watu walitarajia handaki

Volkano inapomwaga lava nyepesi, mto huo wa moto huanza kupoa juu kwanza, kama uji unavyofanya utando huku chini bado unatokota. Utando unaganda, unakuwa paa la mwamba. Chini yake lava iliyokingwa na baridi huendelea kutiririka. Chanzo kikikatika, iliyobaki huteremka na kutoka, na nyuma yake hubaki handaki tupu. Baadaye sehemu ya paa ikibomoka, tundu hufunguka juu.

Afrika Mashariki tunayo mahandaki haya. Mlima Suswa, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya, umejaa mapango ya lava, na katika mojawapo nyani huingia kulala. Pango la Leviathan kwenye vilima vya Chyulu lina zaidi ya kilomita 10 na linahesabiwa miongoni mwa mapango marefu ya lava yanayojulikana duniani. Kule Musanze, kaskazini mwa Rwanda, watalii huongozwa ndani ya handaki la lava la kama kilomita 2. Amboni ya Tanga, ambayo kwa Watanzania wengi ndiyo pango la kwanza kukumbukwa, haimo katika hesabu hii: ni pango la chokaa, lililotafunwa na maji kwa muda mrefu, na Mwezini hakuna maji ya mvua wala ya mto ya kufanya kazi hiyo.

Tofauti kubwa kati ya Chyulu na Mwezi ni uzito. Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya ule wa Dunia, hivyo paa la mwamba linajibeba kwa urahisi zaidi. Hesabu zilizofanywa katika Chuo Kikuu cha Purdue na kuchapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba handaki lenye upana wa zaidi ya kilomita moja linaweza kusimama Mwezini bila kuporomoka. Mwaka huohuo watafiti waliochambua rada ya Kaguya walieleza miangwi chini ya vilima vya Marius inayolingana na uwazi mrefu ardhini. Dalili zilikuwa zinarundikana. Lakini dalili ya uwazi uliofungwa chini ya ardhi ni kitu kimoja, na mlango unaoonekana ni kingine.

Rada inayotazama ubavuni

Mini-RF ni rada ndogo iliyopachikwa kwenye LRO. Inarusha mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 12.6 na kusikiliza yanavyorudi. Haitazami chini wima. Inatazama ubavuni, kwa mshazari, na hapo ndipo siri ya kisa hiki ilipo. Mawimbi yanayoingia kwa mshazari hupita juu ya mdomo wa karibu, huvuka uwazi wa shimo, kisha hujipenyeza chini ya mdomo wa upande wa pili. Huko yanagonga sakafu na kuta ambazo kamera haijapata kuziona, na sehemu ndogo hurudi kwenye chombo. Giza si tatizo kwa rada, maana inakuja na mwanga wake yenyewe.

Rada hupima umbali kwa muda. Mwangwi uliochelewa umetoka mbali zaidi, basi unachorwa mbali zaidi kwenye picha. Wimbi lililoshuka hadi chini ya shimo, likaingia ndani, kisha likarudi, lina safari ndefu kuliko lililogonga uwanda wa nje. Kwa hiyo picha ya rada ya shimo haifanani na picha ya kamera hata kidogo. Vitu vya kina huhama mahali pake, kuta hukunjamana, na mtu asiyezoea huona mchanganyiko wa madoa. Hii inaeleza kwa sehemu kwa nini data ile ilikaa muda wote huo.

Waliorudi kuisoma ni Leonardo Carrer na Lorenzo Bruzzone wa Chuo Kikuu cha Trento, Italia, pamoja na wenzao. Mmoja wao ni Riccardo Pozzobon wa Padova. Mwingine Francesco Sauro, mtu ambaye maisha yake ya kazi yamekuwa ndani ya mapango ya Dunia. Na mwingine Wes Patterson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, anayesimamia Mini-RF yenyewe. Mchanganyiko huo naupenda. Mtu wa mawimbi akiachwa peke yake ataona namba, na mtu wa mapango akiachwa peke yake ataona pango hata pasipo nalo.

Walichokuta ni doa angavu upande wa magharibi wa shimo, angavu kuliko linavyopaswa kuwa kama ukuta ungekuwa umefungwa. Mwangwi wa nguvu umetoka mahali ambapo, kwa ramani ya kawaida, hapakuwa na kitu cha kuutoa.

Doa angavu peke yake halitoshi kuitwa pango. Mawe makubwa yaliyoanguka hung'aa kwenye rada. Pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta hurudisha wimbi kwa nguvu baada ya kugonga mara mbili. Mtu mwenye haraka angeweza kuandika makala juu ya rundo la mawe na kuliita mlango wa handaki.

Kwa hiyo walijenga shimo lao kwenye kompyuta, la pande tatu, likifuata vipimo vya picha za LRO. Wakalirushia rada ya kuigiza kwa pembe ileile Mini-RF iliyopitia mwaka 2010, wakaona picha gani ingetokea. Shimo lisilo na pango lilitoa picha isiyolingana na ile halisi. Waliposogeza ukuta na kufungua njia ndani, wakibadilisha urefu, mteremko na kina, picha zikaanza kukubaliana. Umbo lililokubaliana vizuri na data ni njia yenye upana wa kama mita 45 na urefu wa kati ya mita 30 na 80, ikiwa kwenye kina cha kati ya mita 130 na 170 chini ya uwanda. Inaweza kuwa tambarare, na inaweza kuteremka kwa mwinamo usiozidi nyuzi 45.

Ninavyoipima hukumu yao

Kwamba kuna nafasi wazi chini ya ule mdomo wa magharibi, kubwa kuliko kishubaka, nalikubali. Ushahidi umetoka njia mbili zisizotegemeana: picha za mshazari na rada. Maelezo mbadala yalijaribiwa na yakashindwa kutoa picha ileile.

Upana wa namba zao ndio unaopaswa kutufanya tupunguze kasi. Kati ya mita 30 na 80 kuna tofauti kubwa. Kati ya sakafu tambarare na mteremko wa nyuzi 45 kuna tofauti ya kutembea na kuning'inia kwenye kamba. Maumbo kadhaa tofauti yanaweza kutoa mwangwi unaofanana, na data ya mwaka 2010 haina uwezo wa kuchagua kati yao. Watafiti wenyewe walitoa masafa ya vipimo, hawakutoa namba moja. Vyombo vya habari vingi vilichukua namba kubwa zaidi na kuendelea na safari.

Halafu kuna lile la handaki. Urefu walioutaja ni ule uliofikiwa na mawimbi. Baada ya hapo rada inaingia kwenye kivuli chake na haina la kusema. Njia inaweza kuendelea kilomita nyingi, au ikazibwa na kifusi mita chache mbele. Yeyote aliyeingia mapango ya lava anajua kwamba paa lililobomoka huacha rundo, na rundo hilo mara nyingi hufunga upande mmoja wa njia, wakati mwingine pande zote mbili. Makala ya Carrer na wenzake inaunga mkono pango linalofikika kutoka shimoni. Mtandao wa mahandaki chini ya Bahari ya Utulivu bado ni matarajio ya kijiolojia, mazuri na yenye mantiki, lakini ni matarajio.

Mtu angeuliza kwa nini wasipime tena na kumaliza ubishi. Mtambo wa kurushia mawimbi wa Mini-RF uliharibika Desemba 2010. Tangu hapo rada hiyo hufanya kazi kama sikio tu, ikipokea mawimbi yanayorushwa kutoka vituo vya Duniani na kuakisiwa na Mwezi. Haiwezi tena kuchagua yenyewe pembe ya kulimulika shimo, na pembe katika kazi hii ndiyo kila kitu.

Joto la nyuzi 17 na mambo mengine yanayovutia

Sababu ya shauku yote inaeleweka. Juu ya ardhi ya Mwezi mchana joto hufika kama nyuzi 127 za Selisiasi na usiku hushuka hadi kama 173 chini ya sifuri, na kila kipindi kinachukua takriban wiki mbili za kwetu. Hakuna hewa ya kusambaza joto wala ya kuzuia vimondo vidogo. Mnururisho, yaani mionzi hatari ya angani, nao: chombo cha China, Chang'e 4, kilipima kwenye ardhi ya Mwezi kipimo cha wastani cha milisivati 1.37 kwa siku, takriban mara 2.6 ya wanachopata walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ndani ya mwamba, mengi ya hayo hukomea nje.

Mwaka 2022 Tyler Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), na wenzake walitumia vipimo vya joto vya Diviner, kifaa kingine cha LRO, pamoja na modeli ya kompyuta, kwa shimo hilihili la Bahari ya Utulivu. Hesabu yao ilitoa karibu nyuzi 17 kwa sehemu zilizo kwenye kivuli cha kudumu, bila kupanda na kushuka kwa mchana na usiku. Mdomo unaoning'inia hukinga jua mchana na hupunguza joto linalopotea angani usiku. Nyuzi 17 ni hali ya hewa ya Lushoto asubuhi. Jambo lililosahaulika ni kwamba sehemu ya sakafu inayopigwa na jua la utosi huwa na joto kuliko hata uwanda wa nje, hadi kufikia karibu nyuzi 150 kwa modeli ileile. Anayeteremka shimoni mchana atapita kwenye tanuri kabla ya kufika kivulini.

Nyuzi 17 hizo pia zina bei. Pango lenye joto hilo halihifadhi barafu. Mipango ya Marekani na ya China imeelekezwa ncha ya kusini ya Mwezi kwa sababu ya barafu iliyo kwenye kreta zisizofikiwa na jua. Shimo letu liko karibu nyuzi 8 kaskazini mwa ikweta. Kwa maneno mengine, pango lenye ushahidi bora kuliko yote liko mbali sana na mahali ambapo kambi inapangwa. Kwenye habari za Julai 2024 jambo hili lilipita kimya, na kwangu ndilo linalofanya wazo la makazi hapa kuwa la mbali zaidi kuliko hata tatizo la kuteremka.

Kuteremka

Tatizo la kuteremka nalo si dogo. Mvutano mdogo huwapa watu matumaini ya uongo. Mtu akianguka mita 100 Mwezini atakuwa hewani kwa sekunde 11 hivi, muda wa kutosha kuona kinachokuja, na atagonga chini kwa mwendo wa karibu kilomita 65 kwa saa. Ni sawa na kuanguka kutoka mita 16 au 17 hapa Duniani, yaani ghorofa ya tano.

Kabla ya ukuta wima kuna ule mteremko wa mdomoni uliofunikwa na vumbi na mawe yaliyolegea, na hakuna anayejua utabeba uzito gani. Chombo hakiwezi kutua karibu sana, maana moshi wa injini utasukuma kifusi kiingie shimoni. Ndani, mwamba unazuia redio, hivyo kila neno kutoka chini linahitaji waya au kituo cha kupokezana mdomoni. Paneli za jua hazina kazi gizani.

Mipango miwili ilijaribu kujibu haya. Maabara ya JPL ya NASA, chini ya Laura Kerber, ilibuni Moon Diver iliyolilenga shimo hilihili. Chombo kingetua na kubaki juu kama nanga. Gari la roboti la magurudumu mawili liitwalo Axel lingejishusha ukutani kwa kamba ya mita 300 inayobeba pia umeme na mawasiliano, likisoma matabaka ya lava njiani. Mwaka 2020 NASA ilipochagua mapendekezo ya kuendelea nayo katika mpango wake wa Discovery, ilichukua mawili ya Zuhura, moja la Io, mwezi wa Mshtarii, na moja la Triton, mwezi wa Neptuni. Moon Diver haikuwamo. Upande wa Ulaya, Chuo Kikuu cha Würzburg kilichora Daedalus, tufe linalopitisha mwanga, la kipenyo cha sentimita 46, lenye kamera na leza ndani yake, linaloteremshwa kwa kamba na kupima kuta pande zote kabla ya kuviringika lenyewe chini.

Kwa swali lililoachwa na rada, nadhani Moon Diver ndiyo iliyokuwa na faida zaidi hata kama pango lingekuwa fupi. Axel ingerudi na sayansi ukutani pekee: kila tabaka ni mmwago mmoja wa lava, na kati ya tabaka na tabaka huenda kukawa na vumbi la kale lililofunikwa kabla ya mmwago uliofuata, kumbukumbu ambayo haikuguswa na jua tangu ilipozikwa. Pango lingekuwa nyongeza. Kamba yake ya mita 300 ingefika hata kwenye kile kina cha mita 170 na kubakiza kama mita 130, kabla ya kutoa ile iliyotumika kati ya chombo na mdomo, za kuchungulia magharibi na kuona kama zile mita 80 ni mwisho wa njia.